Miti Iliyotoka Uani

Nyumba za zamani za Mbulu na Hanang zilitambulika kwa miti yake. Wabarbaig walizungushia boma miiba ya mgunga. Palipotakiwa ua wa kudumu ilipandwa minyaa: tawi hukatwa, utomvu mweupe huachwa ukauke, kisha huchomekwa ardhini, na mkataji hulinda macho yake. Shambani ulibaki mkuyu au mringaringa ambao hakuna aliyeupanda. Shoka liliuacha kwa ajili ya kivuli, nyuki au kikao cha wazee. Leo ukipita Dongobesh au Katesh, uani utakuta mikaratusi na migrevilea, yote asili yake Australia.

Husemwa kwamba miti ya asili ilishindwa kwa sababu hukua polepole. Nadhani ilishindwa kitaluni. Wairaqw walipotoka makao yao ya zamani ya Kainam na kusambaa, vichaka vilifyekwa kwa ajili ya mashamba na kufukuza mbung'o. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada, yalimeza malisho ya Wabarbaig. Kuni zikaadimika, na kampeni ya Misitu ni Mali ikahimiza kila kijiji kipande. Kupanda nini? Kilichokuwa kwenye viriba. Mbegu za mkaratusi ni ndogo kama vumbi. Konzi moja hutoa maelfu ya miche, na mbegu hizo hukaa ghalani bila kuharibika. Mbegu za miti mingi ya msitu wa Nou lazima mtu azifuate msituni na kuzipanda zingali mbichi. Mwananchi hakuukataa mringaringa, hakupewa.

Wapo watakaouliza: bila mkaratusi, Nou ingesalia? Hoja hiyo ni ya haki. Nguzo za kujengea na kuni za haraka zimeupunguzia msitu mzigo, na sitaki mkaratusi ung'olewe mlimani. Nauondoa kando ya chemchemi na bustani ya mboga tu. Afrika Kusini, baada ya miaka mingi ya kupima vijito chini ya misitu ya miti ya kigeni, iliweka sharti la kibali cha kupanda misitu ya biashara mwaka 1972, kwa sababu maji yalipungua. Wala kusiwe na kutia chumvi: maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu Katesh yalianzia juu ya Mlima Hanang, na ua wa nyumbani usingeyazuia.

Kuhusu mwendo, mringaringa hukua haraka na mbao zake ni nzuri. Kuhusu mbegu, jibu liko jirani, Babati. Misitu ya Duru-Haitemba ilipokabidhiwa vijiji miaka ya 1990, wanavijiji walidhibiti ukataji na malisho, na miti ikarudi yenyewe. Wakulima wa Dodoma wana njia inayofanana na hiyo, kisiki hai: unachagua chipukizi moja au mawili yenye nguvu, unapogoa mengine, unayalinda dhidi ya mbuzi. Mizizi tayari imo ardhini, ndiyo maana chipukizi hukimbia kuliko mche wa kiriba. Lakini palipolimwa kwa trekta miaka mingi visiki havipo tena, na hapo kitalu lazima kibadilike. Familia zilizohamishiwa makazi mapya baada ya tope zinaanza upya. Kivuli watakachokalia watoto wao kitategemea miche gani itapakiwa kwenye gari la kitalu kilicho karibu, msimu wa mvua ukianza.