Nani Mkubwa wa Gitaa?

Wazee wakikutana huzungumza magonjwa, bei ya mbolea, na watoto waliohamia mjini. Sisi wa Irente tunayo mada ya nne, na hiyo ndiyo inayotuchelewesha kurudi nyumbani kwa chakula cha jioni: kati ya wapiga gitaa wote tuliowasikia, nani alikuwa mkubwa? Ndugu msomaji, usicheke. Nimeongoza vikao vya walimu kwa miaka mingi, na sikumbuki ajenda iliyopata kujadiliwa kwa bidii na kwa ushahidi kama hii. Tena haina posho.

Yafaa kwanza nieleze tulivyowafahamu hao tunaowabishania. Huku milimani bendi hazikuja mara kwa mara. Gari lililobeba ngoma, spika na jenereta lilikuwa na kazi kubwa kuzipanda zile kona za kutoka Mombo hadi Lushoto, na hata Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilizokuwa za mkoa wetu wenyewe, wengi wetu tulizisikia kuliko kuziona. Redio ndiyo iliyotulea. Jioni tuliibeba mpaka karibu na ukingo wa jabali, mahali ambapo sasa watalii hupiga picha za nyika na mashamba ya mkonge kule chini, maana pale mawimbi yalikuja bila kukwaruza. Radio Tanzania Dar es Salaam tuliipata, Sauti ya Kenya tuliipata, na usiku wa bahati vituo vya Kongo vilipenya. Kwa hiyo sisi ni mashahidi wa masikio. Vidole vya watu hawa hatukuviona.

Mimi ni wa Mbaraka Mwinshehe, na sijapata kuyumba. Alizaliwa mwaka 1944, akaingia Morogoro Jazz akiwa kijana katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 alijitoa akaunda Super Volcano. Watu walimwita “Soloist National”, na jina hilo hakujipachika bure. Hoja yangu ni kwamba kwa Mbaraka gitaa halikuwa pambo la wimbo. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo, basi alipomaliza ubeti, gitaa lilichukua habari pale pale sauti ilipoiacha na kuiendeleza. Aliyesema na aliyejibu alikuwa mtu mmoja. Alifariki katika ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Nchi ilikuwa vitani na majeshi ya Idi Amin, nasi kila saa ya taarifa tulikuwa tumeinamia redio kusikiliza habari za Kagera. Habari ya Mbaraka ikaja katikati ya hizo. Alikuwa na miaka 34. Nilikuwa mwalimu kijana, na nakumbuka wanafunzi wa darasa la saba walinyamaza siku ile bila kuamriwa.

Wapo wa Franco, nao ni wengi, kama wafuasi wa chama tawala. Wapo wa Docteur Nico, yaani Nicolas Kasanda wa African Jazz na baadaye African Fiesta, na hao hujiona wasomi. Husema kwamba Franco alikuwa na nguvu, lakini Nico alikuwa na mwandiko. Kuna mmoja tu wa Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili, naye hoja yake kubwa ni kwamba Kasheba alihamia Tanzania akatufia hapa hapa mwaka 2004, basi ni wetu. Nimemwambia mara nyingi kwamba uraia si kipaji.

Yupo pia mzee mmoja asiyeona, mtu mwenye akili kali na kumbukumbu kali zaidi, ambaye chama chake ni Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Ukimuuliza sababu, anakujibu kwa hesabu. Hugh Tracey alipomrekodi Bosco mwaka 1952, hapakuwa na bendi. Palikuwa na mtu mmoja na gitaa kavu, akitumia kidole gumba na cha shahada tu, na bado utasikia besi chini, wimbo juu, na katikati jambo la tatu ambalo mzee huyu husema hajui mkono gani ulilipiga. “Wenu walikuwa na watu kumi nyuma yao,” hutuambia. “Wangu alikuwa na kiti.” Ni vigumu kumjibu.

Mwaka fulani kijana mmoja Mmarekani alikaa hapa Irente wiki chache, akawa anakuja barazani kunywa chai. Alipoambiwa tunabishana nini alifurahi mno, akasema kwao pia watu hugombana vivyo hivyo kuhusu muziki wa bluzi. Akatusikilizisha kwa simu yake. Kwanza B. B. King, aliyefariki mwaka 2015 akiwa na miaka 89, aliyeliita gitaa lake Lucille. Kijana alitueleza kwamba B. B. King hakuwa akiimba na kupiga kwa wakati mmoja: aliimba, akanyamaza, ndipo Lucille akajibu. Niliwatazama wenzangu. Nilitaka mtu mwingine aseme kwamba hiyo ndiyo hoja yangu ya Mbaraka, nao kwa makusudi wote wakatazama chai zao. Kisha akatusikilizisha Robert Johnson, aliyekufa mwaka 1938 akiwa na miaka 27, na ambaye nyimbo 29 alizoacha zilirekodiwa huko Texas katika miaka miwili tu, 1936 na 1937. Mtu mmoja, gitaa moja. Mzee wetu asiyeona aliomba irudiwe mara tatu. Akasema, “Huyu na Bosco wangekaa chumba kimoja, mmoja angeshika mlango mwingine asitoke mpaka alfajiri.”

Lakini nilipokwenda kulala usiku ule niliona tofauti ambayo kijana hakuiona, na ambayo kwa maoni yangu inalifanya swali letu kuwa gumu kuliko lao. Katika bluzi aliyotusikilizisha, mpiga gitaa anasimama mbele na wengine wanamsindikiza. Katika dansi letu magitaa yamefumwa kama ukili. Solo inatembea juu, gitaa la pili linaitafuna kati, ridhimu inakata, besi inazungumza na tumba. Ukitoa moja, jamvi linafumuka. Sasa utasemaje uzi mmoja wa jamvi ni mkubwa kuliko mwingine? Tena Radio Tanzania iliwarekodi wote pamoja studioni, kwa wakati mmoja, na mtangazaji alitaja bendi, na mara nyingine mtunzi na mwimbaji. Mpiga ridhimu hakutajwa. Gitaa lenyewe mara nyingi halikuwa lake. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mtu akihama bendi aliliacha gitaa ukutani.

Hapo ndipo ninapofika kwa rafiki yangu, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike.

Tulisoma naye chuo cha ualimu. Yeye alipiga ridhimu katika bendi ya chuo, na baadaye, akiwa mwalimu, alipiga siku za mwisho wa juma katika bendi ndogo huko Korogwe iliyochezesha harusi na baa, kisha ikafa kama zilivyokufa nyingi miaka ya 1980, nyuzi zilipokosekana madukani na watu wakaanza kuunganisha waya wa breki za baiskeli. Barazani yeye ni wa chama cha mtu mmoja. Wote wakishamaliza Franco na Nico na Mbaraka, yeye husema, “Dechaud.” Wageni humwuliza Dechaud ni nani. Ndiyo hoja yake ilipo.

Dechaud, Charles Mwamba, alikuwa kaka yake Nico. Alipiga ridhimu katika African Jazz ya Joseph Kabasele na alikuwamo Brussels mwaka 1960, walipokwenda na wajumbe wa Meza ya Duara na kurekodi “Indépendance Cha Cha”. Alikuwa nyuma ya Nico pia katika African Fiesta. Rafiki yangu anasema Nico aliweza kurukaruka vile kwa sababu alijua sakafu ipo. Mtu asiyejua kama sakafu ipo haruki. Kwa miaka tulimcheka. Tulisema anatetea kazi yake, kama dereva anayesema mkubwa katika msafara ni dereva.

Siku moja mzee asiyeona alipendekeza mtihani. Nilete kaseti zangu, nipige vipande bila kutaja jina, kila mtu aseme ni nani. Kwa kuwa kaseti zilikuwa zangu nilikuwa msimamizi, na msimamizi hafanyi mtihani. Kanuni hiyo nimeisimamia maisha yangu yote. Matokeo yalikuwa mabaya kupita nilivyotarajia. Wa Franco walimkataa Franco. Wa Kasheba alimdai Kasheba katika wimbo uliorekodiwa Kasheba angali mtoto. Mzee asiyeona alipata karibu vyote, akaudhika kwa kimoja alichokosa. Rafiki yangu hakutaja jina la mpiga solo hata mmoja. Kila kipande alisema jambo lingine: huyu wa ridhimu amechoka, huyu anamsubiri mwimbaji, huyu ni mgeni katika bendi, sikilizeni anavyoogopa. Tukarudisha kaseti nyuma. Tukasikiliza tena. Watu wazima, walimu, karani wa mahakama, mkulima wa mapeasi, tulikaa tukisikia kwa mara ya kwanza mtu ambaye tumekuwa naye chumbani kwa miaka hamsini.

Mwaka juzi rafiki yangu alipata kiharusi. Upande wa kushoto ukafa. Msomaji aliyewahi kushika gitaa anajua mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Bila huo hakuna sauti ya kueleweka. Alikuwa na gitaa kavu moja nyumbani, na mwanawe aliniuliza pembeni, kwa heshima, kama halifai kuondolewa ukutani ili lisimuumize baba. Nilimwambia amwulize mwenyewe. Alimwuliza. Jibu lilikuwa kali, na gitaa bado lipo.

Haji tena barazani, kwa hiyo baraza humwendea. Ukungu wa mwezi wa saba ukishuka tunafunga mlango na kuwasha mkaa. Ubishi umekuwa mkali zaidi, na nadhani najua sababu: hakuna kati yetu anayetaka aone tunampa ushindi kwa huruma. Mimi binafsi nimeendelea kumpinga kwa nguvu zangu zote. Mbaraka ni mkubwa kuliko Dechaud, na nitasema hivyo hata mbele ya kitanda chake, maana siku nitakayokubali atajua kwamba nimemwona mgonjwa.

Juzi nilimpelekea kaseti ya Super Volcano. Nilitaka asikie solo fulani, nikawa naieleza, nikinyoosha kidole hewani kama niko ubaoni. Alinyamazisha kwa kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, vidole vimekunjwa kama vimeshika kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi, na ulikuwa unakata ridhimu ya wimbo ule, chini na juu, bila kukosa. Mpaka upande wa kaseti ukaisha.

“Geuza,” akasema. “Bado hujajibu hoja.”