Kuingia Pemba na Gari Linalovuja Moshi

Kati ya magari yote yaliyokuwa yakisubiri kupakiwa melini bandarini Malindi, Unguja, la shemeji ndilo lililokuwa fupi kuliko yote. Ni Toyota MR2 ya mwaka 1993: milango miwili, viti viwili, injini nyuma ya migongo ya abiria. Shemeji ni mtu wa Wete. Alilinunua Unguja likiwa limeshapita mikono mingi, akaapa atalifikisha kwao. Mimi mtu wa Tanga, niliyeisikia Pemba tangu utotoni bila ya kuikanyaga, nikakubali kiti cha pili.

Tuliondoka usiku. Kwenye mkondo wa Nungwi mawimbi yalianza kuisukuma meli ubavuni na mazungumzo yakapungua. Ni katika bahari hiyo MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba. Bibi mmoja aliyekaa karibu yetu aliinua mikono akawasomea marehemu Fatiha, nasi tukaitikia amina.

Asubuhi tukashuka Mkoani. Mji umekaa mlimani, kwa hiyo ukitoka bandarini unaanza kupanda papo hapo, na mlima ndio uliolisemesha gari. Kila shemeji alipokanyaga mafuta, nyuma yetu kulilia pa-pa-pa-pa, kwa kasi ileile ya injini.

"Shemeji, ekzosi inavuja," nikamwambia.

"Hata Unguja ilikuwa hivyohivyo. Ngoja lipate moto, litanyamaza."

Kweli, tulipokaribia Mtambile sauti ilififia. Lakini kunyamaza huko si kupona. Chuma kikipata joto hutanuka, na nyufa ndogo za kwenye maungio hujibana; kikipoa zinafunguka tena, kila safari kubwa kidogo kuliko jana.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba Pemba ni vilima, sikuambiwa kwamba kila kilima kina bonde lake la mpunga chini na mikarafuu yake juu. Ulikuwa msimu wa kuchuma. Kando ya barabara karafuu zilianikwa juu ya majamvi, nyingine bado za kijani, nyingine zimeshageuka hudhurungi, na harufu yake ilijaa ndani ya gari. Kwa kuwa harufu hiyo ingeweza kutuficha moshi, hapo ndipo nilipomwomba shemeji ashushe vioo vyote. Hewa ya sumu inayotoka kwenye injini, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Katika gari ambalo injini iko nyuma ya viti, moshi unaovuja hauna safari ndefu kumfikia abiria, na dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa na kusinzia, mambo ambayo mtu aliyekesha melini huyadhania uchovu.

Chake Chake tulielekezwa gereji moja Machomanne. Fundi, mzee wa makamo, hakugusa spana. Alisubiri injini ipoe, akaiwasha, akaziba mdomo wa bomba nyuma kwa kitambaa kilicholowa, akainama kusikiliza. Panapovuja pakapiga mluzi. Kisha akachovya brashi katika maji ya sabuni na kupaka kila ungio. Mawili yakatoa mapovu. Hata bila ya mapovu alama zilikuwepo: masizi meusi yaliyotapakaa kuanzia kwenye ufa.

Alipofungua ungio la kwanza, pale manifodi inapokutana na bomba, alibandua vipande vya kitu cheusi kilichokauka.

"Nani kaupaka huu mpira?"

Ilikuwa silikoni. Gereji moja huko nyuma iliimwaga badala ya gasketi. Silikoni za joto kali hufaa kwenye kifuniko cha injini au sampo, kwani nyingi hustahimili nyuzi 300 hivi. Moshi unaotoka kwenye injini iliyo katika kazi hupita nyuzi 600. Mpira huo huungua, hupasuka, na mapigo ya moshi huupeperusha.

"Mwanangu," fundi alimwambia shemeji, "pa moto hapafungwi kwa gundi. Panafungwa kwa chuma kukaa juu ya chuma."

Kazi yenyewe ikaanza na kutu. Boliti zilimwagiwa mafuta ya taa zikaachwa. Moja ilikatika, fundi akachomelea nati juu ya kisiki chake, na joto la kuchomelea likailegeza, ikatoka. Akasugua nyuso za maungio kwa brashi ya waya, akaweka rula ya chuma juu yake na kutazama mwanga unaopita chini, akapiga tupa penye kilima hadi mwanga ukatoweka. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka. Gasketi huziba mikwaruzo midogo. Uso uliopinda hauwezi kuunyoosha.

Gasketi ya MR2 haikupatikana Chake. Ya ungio la kwanza fundi aliikata kutoka bamba la shaba nyekundu, akalichoma hadi likaiva, akaliacha lipoe. Shaba ikichomwa hivyo hulainika na kujaza vishimo inapobanwa, nayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Ya ungio la pili ni pete ya mviringo inayobanwa na boliti zenye springi ili bomba licheze kidogo bila ya kuvuja. Hiyo haichongwi. Ilibidi ipigiwe simu Unguja ije na boti.

Kungoja boti kukanipatia safari ya Wawi, kwenye kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, cha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu. Mvuke hupitishwa katika makonyo, ukabeba mafuta, ukapozwa hadi ukawa maji, kisha mafuta yakatengwa. Nilitazama mabomba yale kwa jicho jipya: huku kinachokimbia kwenye ungio bovu ni mali, kwenye gari ni sumu.

Pete ilipofika, fundi alipaka pasta ya ekzosi mahali pamoja tu, pale bomba linapoingia ndani ya bomba jingine, tena kwa utando mwembamba. Boliti alizikaza kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, asije akabana upande mmoja na kuuinua wa pili. Nati aliweka za shaba ya manjano, zisigandwe na kutu ya hewa ya bahari. Injini ikawashwa iungurume taratibu mpaka pasta ikauke, ikazimwa, na ilipopoa kabisa akarudia kuzikaza. Kabla ya sensa ya oksijeni, alitueleza, uvujaji haumalizi pumzi ya gari tu: hewa ya nje huingia, kompyuta hudhani petroli ni chache, ikaongeza bure.

Njia ya kwenda Wete tuliipanda na kuishuka bila ya kusikia lile pa-pa-pa, na vioo tuliviacha wazi kwa ajili ya karafuu tu.

Basi msomaji, gari lako likianza kulia asubuhi na kunyamaza likipata moto, lipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Ukimwona ameshika silikoni kwa ajili ya ekzosi, mtafute mwingine. Na mpaka litengenezwe, shusha vioo, wala usimwache mtoto alale ndani injini ikiwaka.