Bei Niliyoachiwa

Miaka ya tisini, mkusanyaji wa sarafu za kale aliyeingia dukani Mji Mkongwe, Unguja, hakuanza na bei. Alisalimia, akauliza hali ya nyumbani, akakaa. Mzee niliyekuwa nikinunua kwake alimwaga kwanza sarafu za kawaida kutoka kwenye kopo: pesa za shaba za Sultan Barghash, zenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na shilingi za kikoloni zenye simba na milima, zilizoanza kutengenezwa 1921. Za thamani zilikaa kwenye mtoto wa meza, zimefungwa kitambaa. Humo ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza heller za Tabora za 1916, walizotengeneza Wajerumani wakati manowari za Waingereza zilipofunga njia ya bahari na sarafu kutoka kwao zikakoma kufika.

Bei aliyoitaja haikuwa ya mwisho, na sote wawili tulijua. Akikuzoea, alikushushia. Kisha alikuwa akisema: "Mwanangu, hiyo ni yako wewe, isitoke hapa." Alikuwa na hesabu zake. Mimi nilikuja hata wakati wa masika, watalii wamepungua na duka limepoa. Nilichukua pamoja na heller moja nzuri zile pesa zilizochakaa ambazo hakuna aliyezitaka. Nilipopewa mali kauli, nililipa siku niliyoahidi. Punguzo lilikuwa malipo ya hayo yote. Aliyeingia leo kwa mara ya kwanza hakuwa ameonewa kwa kutajiwa bei nyingine.

Ndipo zikaja simu za mkononi, na baadaye vikundi vya WhatsApp. Vilitufaa sana, sitaki kulificha hilo. Watu wa Mombasa, Dar es Salaam na Muscat wakawa wanaonyeshana picha na kufundishana. Wengi walijifunza humo kwamba riale ya Maria Theresa huandikwa 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mingi baadaye, hivyo mwaka peke yake hauthibitishi chochote. Ipime, iwe na gramu 28 hivi, ndipo uanze kuichunguza.

Lakini kijana mmoja, baada ya kuachiwa heller ya Tabora kwa bei ya huruma, aliweka picha yake, bei aliyolipa na jina la duka. Alifurahi tu, hakuwa na nia mbaya. Haukupita muda watu wakawa wanaingia dukani na simu mkononi: "Mbona fulani umemuuzia hivi?" Mzee hakuwa na la kujibu lisilomvunjia heshima mtu. Heller nyingine alizokuwa nazo alizinunua ghali zaidi. Chache akaziuza kwa hasara, kisha akapandisha bei ya kila kitu ili apate pa kushukia. Hata mkusanyaji wa Dar aliyetaka kuuza heller yake akaonyeshwa bei ileile, kana kwamba ndiyo ya soko. Na ile ya kijana mwenyewe ikashuka thamani papo hapo.

Siku hizi duka ni la mwanawe, na bei ni moja. Mali kauli hakuna. Kinachoniuma ni kwamba aliyekuwa akinufaika zaidi na huruma ile ni mwanafunzi mwenye vijisenti vyake, anayetaka pesa moja tu ya Barghash. Tajiri bado ananunua.

Wenzangu wakusanyaji, nawaomba: onyesheni sarafu zenu, andikeni uzito, mwaka na kasoro zake, na mkikutana na ya bandia pazeni sauti bila woga. Minada hutangaza bei zake yenyewe, hizo zisambazeni. Ila punguzo mliloachiwa dukani msilitangaze. Mtu akiwauliza bei, mwelekezeni kwa muuzaji akazungumze naye mwenyewe.