Damu yetu si chafu



Sisi tunaojikuna usiku katika bweni tuko watatu. Uvimbe unatokea kwa mikono ao tumboni, kama vile tumepita ndani ya upupu. Asubuhi umekwisha, jioni umetokea fasi ingine. Kwa mmoja wetu ni mwezi wa nane sasa. Wenzetu banasema tutawaambukiza, na mudogo wetu wa mwaka wa kwanza amelazwa peke yake karibu na mlango. Wazee wa nyumbani nao wanasema: «Iko na damu mubaya, bamuchanje itoke.» Njo sababu tunaandika.

Ugonjwa huu unaitwa urtikeri. Ukipita majuma 6, waganga wanauita wa kudumu. Hauambukizi, hata mkilala mkeka mumoja. Ndani ya ngozi mna seli ziitwazo mastosite. Mara nyingi ni askari za mwili wenyewe zinazozichokoza. Zinamwaga histamini, mishipa midogo inafunguka, maji ya damu yanavuja, ngozi inavimba.

Na damu je? Hapa wazee wamegusa kitu, ijapokuwa si vile wanavyofikiri. Mwaka 2007 waganga wa Italia walionyesha ya kwamba kwa wagonjwa wa urtikeri ya kudumu kazi ya kugandisha damu imeamka, na kidonda hakuna! Seli nyeupe zingine, eozinofili, zinaleta ndani ya ngozi kitu cha kuanzisha kuganda, na trombini inazaliwa. Trombini hiyo inafungua tena mishipa, na inaweza kuchokoza mastosite. Bile moto unachochewa pande mbili. Kwa wenye ugonjwa mkali, mara nyingi damu ikipimwa wanaona vipande vya mgando uliovunjika, D-dimeri. Ugonjwa ukitulia, vinapunguka. Lakini kwa kawaida mishipa yetu haizibwi na mabonge ya damu, mtu asiogope.

Kuchanja basi kunaondoa nini? Kunaleta vidonda, na wembe wa watu wengi unaleta magonjwa ya kweli ya kuambukiza.

Dawa ya kwanza ni kidonge cha kuzuia histamini, kila siku, hata siku ngozi imetulia. Wengi wanangoja wajikune kwanza. Tena aspirini ya kichwa inazidisha uvimbe kwa wagonjwa wengine. Mwenye urtikeri amwambie muuguzi mbele ya kuipokea.