Maskani ya vijana yaweza kutukinga na presha

Anayeshuka feri upande wa Likoni jioni hulakiwa na harufu ya mafuta moto kabla ya kulakiwa na mtu. Viazi karai, bajia na mishikaki hupangwa kando ya barabara, na umati unaotoka kazini kisiwani hununua ukipita. Wengi wameshinda na njaa kutwa, na shilingi chache zatuliza tumbo hadi nyumbani. Mwuzaji naye ni kijana mwenye watoto wa kulisha. Kumlaumu ni rahisi, lakini si dawa.

Ukipita Makupa hadi Changamwe, mambo ni yale yale. Huku ndiko kwenye viwanda na malori ya bandarini. Dereva na utingo wake hukaa kitini saa nyingi, soda mkononi. Na Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, bodaboda imekuwa ndiyo miguu ya watu. Hata safari ya dukani, mtu hupandishwa.

Zamani presha na kisukari viliitwa maradhi ya matajiri. Jina hilo limepitwa na wakati. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Hapo ndipo penye hatari, kwani presha mara nyingi haiumi. Baba aweza kutembea nayo miaka akijiona mzima, mpaka siku kiharusi kimwangushe. Mapato ya nyumba hukatika, na mama huacha biashara yake ili amwuguze.

Ni nani atakayemfikia baba huyo mapema? Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja mnamo Septemba 2023, wakiwa na vifaa vya kupimia presha na sukari. Lakini mhudumu akibisha hodi mchana, wanaume wengi hawapo. Wapo maskani jioni, kwenye bao na kahawa, na mwenye maskani ni kijana.

Vikundi vya vijana si haba huku bara: timu za mpira, vikundi vya usafi, vyama vya kuweka akiba. Kikundi kikikubaliana na mhudumu wa mtaa wake, jioni moja kila mwezi yatosha. Kinachotakiwa ni meza, viti viwili, mashine na daftari. Atakayeonekana ana presha ya juu aelekezwe zahanati, na kijana mmoja amfuatilie, maana wako wanaopimwa, wakasikia, kisha wasiende.

Mechi ya Jumapili nayo yaweza kutanguliwa na matembezi ya wazee. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atembee kwa haraka au afanye mazoezi kama hayo angalau dakika 150 kwa wiki. Na yule mwuza viazi, akiwa mwanachama, ashauriwe kumwaga mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, kupunguza chumvi na kuongeza sahani ya matunda. Biashara yake haitafungwa.

Vijana wenyewe pia wana lao. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Amri huja na kusimamishwa, lakini mwenzako wa maskani yupo kila siku. Akikuambia, "Wacha hiyo, twende uwanjani," utamsikiza kuliko bango la barabarani.

Kwa hayo, vijana wanahitaji wazee wawaamini, na viwanja vyao visimezwe na majumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi ni ghali mno kwa mtu wa Likoni, Changamwe au Kisauni. Je, ndugu msomaji, baba yako alipimwa presha lini?