Mikono ya Nani?

Juzi dada alinifokea jikoni, kidogo tu, nami nikapotea. Nilikuwa naosha vyombo. Nikaitazama mikono ndani ya povu, nikajiuliza: hii ya nani? "We, unanisikia lakini?" Sauti yake ilitoka mbali, kama redio ya jirani.

Nina tatizo la haiba wanaloliita la mpakani. Nikihisi naachwa, akili inatoka mwilini, inakaa pembeni kutazama. Wataalamu wanaiita hali hiyo depasonalaizesheni, neno ambalo Mfaransa Ludovic Dugas alilitoa mwaka 1898 kwenye shajara ya Amiel, mwandishi wa Uswisi. Kumbe lilianzia kwa mtu aliyekuwa akijiandika!

Basi nami naandika. Siyo dawa. Ila kesho nikisoma, nitajua siku ile jikoni tulikuwa wawili.