Tulipokuwa na Barua Mbili

Wakristo wengi tunajua kuombea kazi ipatikane. Ikipatikana moja, tunashukuru. Zikija mbili kwa pamoja, hatujui tena tuombe nini. Ndivyo ilivyotupata sisi, mke na mume, katika mwaka wa nne wa ndoa yetu. Mmoja wetu ni mwalimu wa sekondari. Mwingine alikuwa amefaulu mitihani ya uhasibu ya NBAA, akaitwa na kampuni mbili za ushauri elekezi: moja ya Dar es Salaam yenye watu 12, nyingine ya kimataifa yenye ofisi Nairobi.

Kwa wasioijua kazi hii, mshauri elekezi hulipwa aangalie jinsi kampuni, wizara au hospitali inavyoendeshwa, kisha aseme kipi kibadilishwe. Yethro alimfanyia Musa hivyo hivyo, akarudi kwao, na hatusomi popote kwamba alidai malipo. Vijana wengi huingia humo wakiwa tayari na nia ya kutoka. Hukaa miaka miwili au mitatu, wakaondoka na jina la kampuni kwenye wasifu wao, na jina hilo huwafungulia milango ya benki na mashirika. Sisi nasi tulikuwa na mlango wetu. Tangu uchumba tulitamani mmoja wetu aje asimamie fedha za hospitali ya kanisa, maana tumeona pahali penye madaktari wazuri dawa zikiisha kwa sababu ya hesabu mbovu.

Wazee wetu walipenda ile ndogo. Ilikuwa karibu na nyumbani, na mama yetu mjane asingebaki na nyumba isiyo na watu. Tuliyapima hayo kwa uzito wake. Lakini tulitafuta pia watu waliowahi kufanya kazi katika kila kampuni, tukawauliza wako wapi sasa, walipewa kazi za aina gani, na nani aliwafundisha. Na katika usaili wa pande zote mbili tuliuliza swali moja: je, mfanyakazi anaweza kumkataa mteja?

Mkuu wa ile ndogo alitujibu kwa unyofu. Mteja wake mkubwa alikuwa kampuni ya kubeti, na watu 12 hawawezi kuchagua kazi. Ile kubwa ilisema mtu huandika mapema wateja asiotaka kuwahudumia, na haimpunguzii cheo. Tena ilikuwa na idara ya afya.

Jina lenyewe halikutushawishi. Arthur Andersen, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1913, iliikagua Enron huku ikiiuzia ushauri. Enron ilipoanguka mwaka 2001, wakaguzi wake walifuata: mwaka 2002 kampuni ilitiwa hatiani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wafanyakazi, waliokuwa wapata 85,000, walikwisha kutawanyika. Wengi hawakuwahi kugusa faili la Enron.

Danieli na wenzake walisomeshwa Babeli miaka mitatu. Walikubali lugha ya pale, elimu ya pale, hata majina mapya; walichokataa ni chakula. Tulipenda kwamba Danieli aliazimu jambo hilo moyoni mapema. Kwa hiyo kabla ya kusaini tuliandika yetu: kamari, pombe, tumbaku. Chini yake tukaandika: miaka mitatu.

Mhasibu akaenda Nairobi. Mwalimu akabaki Dar es Salaam na mama na mtoto. Kila baada ya miezi miwili mmoja wetu hupanda basi la Arusha na Namanga, na mtoto alijua kutamka Namanga kabla ya kujua jina la mtaa wetu. Ziko Jumapili ambazo jambo hili tunaliona zito kuliko tulivyolipima, hasa mama anapougua.

Imebaki miezi minane. Hospitali moja ya kanisa imeomba wasifu. Mshahara wake haufiki theluthi ya huu wa sasa. Tumeutuma.